Neno Moja Kwenye Fomu

Kazini walimwita Masikio, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza redio. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alivaa hedifoni na kujaza fomu za mamlaka ya utangazaji: nani kasema nini, saa ngapi. Nyumbani walijua tu kwamba ana kazi ya ofisini.

Kati ya vituo alivyosikiliza, kwenye kimoja mtangazaji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Asubuhi moja wifi alisema hewani kwamba serikali imekosea kuifunga wodi ya wazazi, na kwamba waziri akikosea aambiwe. Kwenye nafasi ya aina ya kosa Masikio akaandika: "Hakuna. Ni maoni." Mkuu wa kitengo akamrudishia fomu bila ukali wowote, akamwomba aitazame tena, kwa kuwa wakubwa walikwisha kukisikia kipindi. Masikio alikaa nayo robo saa. Kisha akakata, akaandika "Uchochezi", akatia sahihi.

Hakuna aliyemtishia kumfukuza. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye.

Kituo kilifungiwa miezi sita. Kilipofunguliwa, mwenye kituo alimwambia wifi kwa upole mwingi asirudi. Sauti iliyokuwa ikiamsha mji mzima ikawa inawafundisha watoto wa chekechea kuimba herufi. Wifi hakunung'unika. Alisema aliyeandika ripoti ile pengine naye ana watoto wa kulisha. Aliyasema hayo jikoni kwa Masikio, wakimenya vitunguu, na Masikio akashukuru kwamba vitunguu vipo.

Miaka minne ikapita. Bungeni ukaletwa mswada wa kuizuia serikali kukifungia kituo, kukitoza faini au kukinyima leseni kwa sababu ya maoni kinayotangaza. Kamati ikaagiza mafaili ya zamani. Masikio alijua sahihi yake itaonekana. Watu wangesema kikulacho ki nguoni mwako, na wasingekosea. Akaona heri wifi asikie kutoka kwake kuliko kwa wageni.

Alimkuta darasani, watoto wameshaondoka, anapandisha viti vidogo juu ya meza. Akamweleza yote akiwa bado amesimama mlangoni. Wifi aliendelea na viti mpaka vikaisha.

"Mara ya kwanza uliandika nini?"

"Maoni."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ningepata nafuu kama ungekuwa mjinga," wifi alisema. Akamwomba aende zake, kabla hajatamka neno ambalo ndugu hawaambiani.

Wiki iliyofuata Masikio alisimama mbele ya kamati, akaeleza habari ya ile fomu, na akasema wazi kwamba hakulazimishwa. Mbunge mmoja akamsifu kwa ujasiri wake. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi. Ofisini wakamhamishia stoo ya vifaa. Mumewe, aliyekwisha kuambiwa na dada yake, aliuliza swali moja tu: aliwezaje kula na wifi yake meza moja miaka yote ile?

Mswada ukapita, ukawa sheria. Wifi aliitwa tena kituoni, akakubali asubuhi mbili kwa wiki. Siku ya kwanza aliwaeleza wasikilizaji kwa lugha nyepesi kwamba anayemzulia mtu uongo bado atashtakiwa, ila kituo hakitaadhibiwa tena kwa kumwambia mkubwa amekosea. Akaongeza kwamba mtu wa ndani ya mamlaka alitoa ushahidi uliosaidia. Hakumtaja. Kule stoo, Masikio alishindwa kujua kama huo ni msamaha au ni aibu ya ukoo inayositiriwa.

Jioni akampigia simu. Akamwambia kwamba amemsikia, akauliza kama aweza kumtembelea Jumapili. Wifi akajibu kwamba Jumapili hii ana wageni. Labda ile nyingine. Masikio akasema atangoja, wakaagana.

Ndipo alipogundua kwamba tangu siku ile ya darasani alikuwa ameeleza, amekiri, ametoa ushahidi, lakini neno "nisamehe" hajalitamka hata mara moja. Akapiga tena.