Ua Lililonuka Kabla ya Kuchanua

Nimekuwa fundi bomba miaka kumi na tisa, na kama nina cheti cha kujivunia basi ni pua yangu. Mke wangu haipendi hata kidogo. Kwenye harusi ya binamu yake niliinuka mezani kufuata harufu ya bomba linalovuja, nikaishia chini ya sinki na suti yangu mpya, naye hajanisamehe mpaka leo. Basi tulipopanga kwenda makumbusho na maonyesho ya bustani, yeye, mama yake, mimi na binti yetu wa miaka saba, aliniapisha mlangoni.

"Leo ni siku ya familia. Ukitaja bomba, koki au kitu cha msalani, mimi na mama tunarudi nyumbani. Na hutoki nami tena."

Nikaapa.

Asubuhi nilijitahidi. Makumbusho nilitazama vyungu na mifupa ya mamba, na dari iliyokuwa ikimvujia mamba kichwani nikajifanya sikuiona. Mke wangu akanishika mkono. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajanishika hivyo mbele ya watu.

Balaa lilikuwa nyumba ya vioo ya bustani. Mle walikuwa na ua refu kuliko mtu, linalochanua mara moja kwa miaka mingi, na likichanua hunuka mzoga. Watu waliovaa wakapendeza, na manukato yao shingoni, walikuwa wamepanga foleni wakisubiri zamu ya kunusa uvundo.

"Vuteni pumzi taratibu," alisema mwongoza wageni. "Ua bado limefumba, lakini harufu imetangulia. Mmebahatika."

Nikavuta. Mzoga naujua, nimeshatoa paka aliyeoza ndani ya bomba. Huu haukuwa mzoga. Haya yalikuwa mavi ya watu, yamechanganyika na sabuni ya kunawia.

Mzee mmoja mbele yangu alifumba macho akasema, "Maumbile haya, jamani!" Mama mkwe, anayeziba pua nikivua viatu kwangu mwenyewe, alivuta mara mbili akatangaza kwamba anasikia viungo vya pilau kwa mbali. Viungo! Mke wangu alinikata jicho, maana alishaona pua yangu inavyocheza.

"Usithubutu," alininong'oneza.

Nikageuzia pua pembeni. Lakini nyuma ya vyungu vilivyopangwa harakaharaka niliona mkeka wa plastiki, na chini yake maji meusi yakichuruzika kutoka kwenye mfuniko wa chemba ya maji taka. Yalitambaa hadi kwenye mfuniko mwingine uliopasuka, wa tangi la chini ya ardhi, yakawa yanazama humo. Kutoka kwenye tangi hilo bomba jembamba lilipanda mpaka kwenye koki iliyoandikwa MAJI YA KUNYWA. Binti yangu alikuwa pale anajaza chupa.

Niliruka kamba ya foleni. "Usinywe! Mwaga!" Nikampokonya chupa, akaanza kulia, na foleni nzima ikageuka. "Bomba la choo limepasuka," nikasema. "Maji haya yana mavi!"

"Hata siku moja, baba watoto," mke wangu alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata siku moja tu."

Msimamizi wa maonyesho alitokea, akiwatabasamia watu. Akatuingiza mimi, mke wangu na mtoto katika kiofisi chake, akafunga mlango.

"Wewe fundi? Basi sikufichi," alisema. "Tunajua tangu wiki iliyopita. Tukichimba sasa tutakata mizizi ya ua, na limebakiza siku chache. Watu wamekuja kunusa uvundo, na uvundo wanaupata. Nani amelalamika?"

"Na maji?"

"Tumetia dawa."

La kuvunda halina ubani, nilitaka kumwambia. Lakini niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitamtapikia mezani. Kinyaa cha mavi nimekizoea, ndiyo kazi yangu. Cha mtu yule kilikuwa kipya.

Mke wangu alijifuta machozi. Kisha akauliza, "Wewe una watoto?"

"Watatu."

"Wameshaliona ua?"

Msimamizi akapangapanga karatasi zake. "Wananililia kila siku. Nimewakataza kukanyaga huku mpaka kazi iishe."

Mke wangu alifungua mlango bila kuaga. Nilimfuata na mtoto mkononi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya koki, anamalizia kikombe cha pili, na nyuma yake watu watano wanasubiri. "Msimsikilize," alikuwa akiwaambia. "Ni mkwe wangu, kila aendako anaona vyoo. Maji matamu haya." Akakijaza tena kikombe, akampa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Mke wangu, ambaye hata neno msalani hulitaja akitazama chini, alikipiga kikombe kile kikaruka mpaka kwenye vioo.

"Ni mavi, mama!" alipiga kelele. "Umekunywa mavi!"