Uzi wa Bluu Kwenye Ungo

Mjukuu wangu Scola alivipanga vyombo vyangu juu ya meza karibu na dirisha: mwiko, sufuria nyeusi ya ugali, na ungo uliotoboka ukingoni. Alikuwa akivichora kwa rangi, apeleke picha kwenye maonyesho ya Ijumaa, yake ya kwanza. Kama asingeifikisha siku hiyo, nafasi angepewa mwingine.

"Bibi, usiguse hata kimoja."

"Na ugali tutasonga kwa nini, kidole?"

Akacheka. Tukala viazi.

Nilipochungulia nyuma yake, niliona amelichora tundu la ungo kwa upole, kila chane iliyokatika mahali pake. Sikuwahi kujua kwamba tundu langu linapendeza.

Jumatano asubuhi jirani yetu, Bi Mwanakheri, akafiwa na mumewe. Hapa Rusimbi, kukiwa na msiba kila mwanamke huenda na vyombo vyake, maana vya nyumba moja havitoshi. Nilisimama mlangoni nikaitazama meza. Scola mwenyewe aliweka mwiko ndani ya sufuria, akafunika kwa ungo, akajitwika.

"Na picha je?"

"Bi Mwanakheri alikuwa akinisuka nikiwa mdogo, Bibi. Twende."

Tulipepeta mchele na kupika mpaka kesho yake mchana. Wakati wa kila mtu kuchukua vyombo vyake nikaona ungo wangu umeshonwa. Mtu ameziba lile tundu kwa uzi wa nyavu, wa bluu. Niliuliza jikoni kote. Kila mmoja alisema si yeye.

Nyumbani Scola aliurudisha ungo mezani, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Hapa ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote," alisema.

"Si uache tundu lako? Nani atajua?"

"Aliyeshona atajua."

Akaikwangua sehemu ile ya picha, akaanza upya.

Ijumaa, rangi ya bluu ilikuwa bado mbichi. Tuliibeba picha wawili, tukiishika pembeni tu, ikafika kwa wakati. Ukumbini watu wengi waliipita, wakaenda kutazama picha za ziwa. Agnesi wa mtaa wa Kasingirima, muuza dagaa tuliyepika naye msibani, ndiye aliyesimama. Akasogeza uso karibu.

"Scola, mshono wa mwisho niliupinda," alisema. "Na wewe umeuchora hivyohivyo."

"Ndivyo mshono ulivyo, mama."

Agnesi akaendelea kutazama. Nikamsogezea kiti changu.