Udi Nilioanika Pamoja na Magodoro

Wifi yangu, mpiga udi, aliposafiri kikazi aliniachia ala yake hiyo ya nyuzi ndani ya sanduku jeusi, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Mambo yote yamo humo, wifi. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua herufi hata moja, na niliona haya kulisema.

Nikautunza nilivyojua mimi. Kila Jumamosi nilipoanika magodoro, niliutoa nao uani jua liue unyevu, kisha nikaufuta kwa kitambaa kibichi. Uling'aa, nami nikajisifu.

Leo asubuhi, baada ya miezi saba ya kisomo cha watu wazima, niliikunjua karatasi ile ili nijipime. Wifi alikuwa anarudi adhuhuri. Nilisoma nikiongoza macho kwa kidole. Legeza nyuzi. Usiuweke penye joto. Usiufute kwa maji. Usiuanike.

Mstari wa mwisho niliusoma mara tatu, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Mwalimu angenipigia makofi.

Sanduku lilikuwa juu ya kabati, karibu na bati la paa. Nilipolishusha, ndani mlilia "ta!" Nikaliweka kitandani, nisithubutu kulifungua. Udi ule ndio jembe lake. Ndio uliomlisha tangu afiwe na mume. Nikawaza kuwasingizia watoto. Nikawaza kuichoma karatasi.

Hodi ikapigwa kabla sijachagua uongo.

"Mbona umekaa kama aliyemeza sindano?" wifi aliuliza.

"Wifi, siku ile sikujua kusoma. Udi nimeuanika. Kila Jumamosi."

Akaketi polepole. "Pamoja na magodoro?"

"Pamoja na magodoro."

Hakucheka. Alifungua sanduku. Uzi mmoja ulikuwa umekatika. Akaanza kuugonga uso wa ubao kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, ameinamisha sikio. Ko. Ko. Ko. Kisha, karibu na ukingo, sauti ikawa kavu, kama ya sahani yenye ufa.

Akagonga tena palepale. "Gundi imeachia. Ubao haujapasuka. Fundi ataweza, nadhani."

Hiyo "nadhani" ilinichoma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanicheka."

"Nitakucheka sana, lakini si leo." Akanisogezea karatasi. "Soma. Kwa sauti. Safari hii nisikie mwenyewe kama umeelewa."

Nikasoma, huku yeye akizilegeza nyuzi zilizobaki mojamoja, kama mtu anayemfungua mgonjwa vifungo vya nguo.