Mwezi wa Kupanda Mahindi

Zita alipotoka kwenye mtihani wa darasa la saba alinikuta shambani napanda mahindi. Hakuvua hata sare. Alichukua jembe akaanza kufukia mbegu nyuma yangu bila hata kunisalimia.

"Sema basi," nikamwambia.

"Mama, wameuliza mkulima hupanda mahindi mwezi gani. Kulikuwa na Machi na Novemba. Nikatazama dirishani, nikawaona nyie wote mko kwenye shamba la ujamaa mnapanda. Nikachagua Novemba."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mwalimu Zenon anasema jibu ni Machi."

Machi hapa Ufipa mahindi yameshabeba, na sisi tunafukia majani kwenye matuta ya mviringo kuandaa ulezi wa mwaka unaofuata. Panda mahindi Machi uone kama hutavuna vumbi. Nikatupa jembe, nikaenda shuleni na matope yangu miguuni.

Mwalimu akaniamkia shikamoo, nikaitikia shingo upande.

"Mama Zita, mtihani ni mmoja nchi nzima," akasema. "Huko ulikotungwa, mvua za kupandia huanza Machi."

"Na wewe mwenyewe umepanda lini?"

"Juzi." Akatazama chini. "Lakini nafasi ya sekondari kwa shule yetu ni moja. Swali moja linatosha kumwacha mtu nje."

Tangu siku hiyo sikutulia. Nateleka chungu, nasahau kuwasha moto. Lori likitokea Sumbawanga natoka mbio kuchungulia, utadhani matokeo yatashuka yenyewe. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na kila aliyenisemesha nilimkaripia.

Januari jina likabandikwa: Theodory, mtoto wa jirani yangu Cornelia. Nilikwenda kumpongeza, maana mtoto hana kosa, ila roho iliniuma sana. Nikamuuliza lile swali alijibu nini.

"Machi, mama. Nilijua ndiyo wanayoitaka. Asubuhi ile na mimi nilikuwa nimetoka kupanda."

Siku Theodory alipoondoka kwa lori na sanduku lake, mimi na Zita tulikuwa kwenye palizi. Zita akasimama, akalitazama lori mpaka likapotea, kisha akaniuliza polepole, "Mama, ningekuwa sijui kupanda, si ningefaulu?"

Nikaliacha jembe. Nikakaa chini katikati ya mahindi nikalia, kwa sababu kupanda nilimfundisha mimi.