Kilima cha Vifungua Mimba

Wanajeshi walipopita mara ya tatu, kwenye kilima kile cha Kipese walibaki wanaume watatu: mzee Mathe aliyekuwa kiziwi, katekista wa mguu mmoja, na jogoo. Wengine wote wanawake, vikongwe na watoto wadogo. Na ukungu, ambao ulipanda kutoka bondeni kila asubuhi ukakaa milangoni bila kukaribishwa.

Wanande, watu wa kilima hicho, huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na aliyekufa hanyang'anywi zamu yake. Wanajeshi waliijua hesabu hiyo. Wakikuta kitoto kinaitwa Kakule, wanamkaba mama yake: wale watatu wakubwa umewaficha wapi?

Wana watatu wa Godelive, mama mmoja wa hapo, walikuwa wameshikwa kwenye njia ya Beni wakipeleka vitunguu, na hakuna aliyeleta habari yao tena. Mwaka uleule mumewe akafa kwa homa, akamwachia mimba. Alipojifungua mvulana wa nne, mama mkwe wake, Maliro, alimwinamia sikioni.

"Huyu ni Mumbere. Hapana kusema ingine."

Hawakuwa peke yao. Ndani ya miaka minne kilima kizima kilijaa vifungua mimba. Katekista akiita Mumbere, watoto kumi na wanane walisimama, na wengine huapa kwamba hata beberu mmoja aliinua kichwa.

Mwaka 2003 akapanda Sadrack, karani wa kuhesabu watu, kutoka Butembo.

"Mais mama, hii kilima iko ajabu! Bamuke na bazee kila pahali, na kila nyumba mutoto mume moya tu. Kama Ulaya! Weye uko na bangapi?"

"Moya," Maliro akamjibu. "Mumbere. Andika, uende, papa."

"Donc nimuone."

Godelive akasogea mlangoni, akaita, "Mumbere!"

"Eee, mama!" mtoto akaitika nyuma ya sketi yake.

"Eee, mama," ikaitika sauti ya pili, nzito, kutoka ndani ya ukungu, upande wa shamba la viazi.

Kalamu ya Sadrack ikasimama. Miaka minne Godelive alikuwa akiisikia sauti ile na kuyalaumu masikio yake. Leo mgeni naye ameisikia.

"Mama," Godelive alimwambia Maliro, "anaitikaka, lakini haingie. Ataingia namna gani? Pahali pake tulipatia mwingine."

"Funga kinywa! Ile karatasi basoda batasoma. Batakuja kukuuliza bale batatu!"

"Bakuje." Akamgeukia karani. "Andika bane, papa. Mumbere, Kambere, Kasereka. Huyu mudogo ni Kakule."

"Bale bakubwa… bako?"

"Bako. Mukubwa, muandikie miaka makumi mbili."

Sadrack aliandika, akashuka kilima bila kuaga. Maliro akaanza kufunga masufuria ndani ya blanketi, maana walipaswa kukimbia kabla karatasi haijafika mjini. Godelive hakumsaidia. Alisimama mlangoni, akamfunika mtoto kinywa kwa kiganja, akaita "Mumbere" tena, taratibu.

Hakuna aliyeitika. Ila kule shambani majani ya viazi yalianza kulala, shina baada ya shina, kama yanayokanyagwa, yakija upande wa nyumba.