Goti Lililopona Haraka

Simu ya kliniki ilipoita, Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye cherehani, na mkanda wa mumewe ameuvaa yeye gotini, chini ya sketi.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akiwa kazini, akavunjika paja, na mshipa wa fahamu ukaumia. Mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki unaning'inia kama wa kuazima. Daktari wa viungo, dada mmoja mpole ila asiye na mchezo kazini, akampa mkanda wa kufunga gotini. Kila goti likikunjwa na kunyooshwa, mkanda unapeleka taarifa kwenye simu yao, na simu inazifikisha kliniki. Daktari akawaeleza wazi kwamba mikanda ni michache, na asiyefanya mazoezi atampisha mwingine.

Mwanzoni fundi alijitahidi. Kisha maumivu yakamzidi, akaugeuzia ukuta uso. Alisema mguu umeshakufa, wamwache marehemu apumzike. Mama Pacha alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe, kwa hofu kwamba mkanda utachukuliwa, aliufunga kwenye mguu wake mwenyewe, akakunja goti na kulinyoosha. Simu ikalia kengele ndogo ya kumpongeza. Kesho yake akarudia, na kwa kuwa nguo za wateja zilikuwa zimerundikana, akawa anauvaa huku anakanyaga cherehani, na usiku anamfunga mumewe. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka mwenzake apate moyo.

Sasa daktari alikuwa kwenye simu, sauti imejaa furaha. Alisema hajapata kuona goti linalopona kwa kasi namna ile. Kesho waje, fundi ajaribu kutembea bila magongo.

"Sawa, daktari," Mama Pacha akajibu.

Alimwambia mumewe kwamba wanaitwa kliniki, basi. Kwenye teksi alifungua mdomo mara kadhaa, lakini kila mara dereva aliwatazama kwenye kioo, naye akaufunga.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na reli mbili za chuma, godoro jembamba na kioo kirefu ukutani. Daktari alimfunga fundi mkanda mpana kiunoni, kisha akamwonyesha mchoro kwenye kompyuta, mstari unaopanda kama ngazi. Akamsifu kwa bidii yake. Mama Pacha alingoja mumewe akatae, aseme hajakunja goti hata mara moja tangu alipogeukia ukuta. Fundi aliukodolea mstari ule macho. Uso wake ulianza kulegea, na mkewe akaona kitu ambacho hakukitarajia. Alikuwa anaamini.

"Labda mguu unajikunja nikiwa usingizini," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Mashine haina sababu ya kunidanganya."

Akampa daktari gongo la kwanza, kisha la pili, akashika reli. Mama Pacha alijua kwamba akisema, atamnyang'anya mumewe lile tumaini mbele ya mtu. Akinyamaza, atamwona akianguka tena. Vidole vya fundi vikaanza kuachia chuma, kimoja kimoja.

"Usiachie, Baba Pacha! Daktari, huo mstari si wa mguu wake. Ni wa mguu wangu."

Fundi aligeuka kumtazama, na goti likakunjika hapo hapo. Daktari alimdaka kwa ule mkanda wa kiunoni, wakayumba pamoja, akamkalisha godoroni kwa shida.

"Mstari wote?" fundi akamuuliza mkewe.

"Wote."

Daktari alipopata pumzi, hakufoka. "Mama, ningemvunja mimi, kwa mikono yangu mwenyewe."

Fundi akaomba arudishwe nyumbani. Daktari akamwambia ataondoka, lakini kwanza aone kazi ya mguu wake halisi. Akambandika vibandiko vyenye nyaya juu ya paja na kuwasha kiskrini kidogo kinachosoma misuli. Akamwambia akandamize goti chini. Mstari ukalala kimya.

"Si nilisema," fundi akasema.

"Tena."

Alikaza meno. Mstari ukainuka kidogo, ukaanguka. Fundi akamshuku mkewe, akamwambia asogee mbali asiguse nyaya. Mama Pacha akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma. Fundi akajaribu tena, na mstari ukainuka vilevile.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe," daktari akamjibu.

Hakuomba tena kuondoka. Alikandamiza mpaka kola ya shati ikalowa. Daktari aliuchukua mkanda wa gotini akampa mgonjwa mwingine, na tangu siku hiyo fundi akawa anakuja mwenyewe kliniki kufanyia mazoezi kwenye kile kiskrini.

Siku ile ya kwanza, kwenye teksi ya kurudi, fundi hakumsemesha mkewe mpaka walipokaribia nyumbani.

"Goti lilikuuma?"

"Kidogo."

"Langu linaniua."

"Najua."

"Hujui," alisema. Lakini aliposhuka, alimshika bega.

Ilichukua muda mrefu. Leo anatembea na fimbo moja, na ngazi bado zinampa tabu. Hapandi tena majukwaa. Anachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, amesimama siku nzima, na akichoka hasemi mpaka aulizwe.