Dole la Yuliana

Krismasi hiyo Yuliana alifika saa sita na robo mchana, watu wakiwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka misa ya kigango. Alivua kandambili mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni kumenya vitunguu. Alikuwa amefariki Agosti. Veronika, bintiye, alimwamkia shikamoo, akamsogezea kigoda na kisu, akarudi kuchagua mchele.

Hakuna aliyeshangaa. Katika ukoo ule wafu huja Krismasi chache za mwanzo, mchana kweupe. Wanakula kidogo, hawasemi, na wanaondoka kabla vyombo havijaoshwa, jambo ambalo wanawake wa nyumba ile walishalilalamikia sana. Kila mmoja huja vilevile alivyolazwa kaburini. Babu Jastin alikuja na plasta ya mguu uliovunjika, akawa anaigonga kwenye kila kizingiti. Mama mkubwa Esther alikuja na pamba puani, pilau ikaiva mbele yake asisikie harufu, masikini, akahuzunika mpaka akaondoka mapema.

Yuliana alikuja na sare yake ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, rozari mkononi, na dole gumba la kulia likiwa la bluu.

Veronika aliliona kwenye vitunguu. Kila kitunguu kilichomenywa kilikuwa na alama ya dole, mistari yote imetoka vizuri. Baadaye akaiona kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye taulo, na kwenye shavu la Glory, mtoto wake wa miaka mitano, ambaye bibi yake alikuwa amemfinya kwa mapenzi. Veronika akamkalisha mama yake chini, akamsugua dole kwa limau, kisha kwa majivu, kisha kwa Jik. Wino ukazidi kung'aa.

“Mikono hii nilimwosha mimi,” alisema, akiwa kama anaongea na beseni.

Ni kweli alimwosha yeye. Kidole kimoja kimoja, kwa maji ya vuguvugu, hadi ndani ya kucha, maana Yuliana alikuwa mkulima na hakupenda kwenda kanisani na udongo kwenye kucha. Mikono ilitoka safi. Baada ya hapo mtu mmoja tu aliingia chumbani: mjomba Fidelis, kaka wa marehemu, aliyeomba aachwe peke yake amuage dada yake. Walimsikia akilia mle ndani. Tusimwonee, alilia kweli.

Siku ya kuanua tanga, Fidelis alitoa karatasi. Ilisema Yuliana, akiwa na akili zake timamu, amemwachia kaka yake Shamba la Juu afanye nalo atakavyo. Chini kulikuwa na dole la bluu na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Veronika alidhani mama yake alitia dole lile alipokuwa amelazwa hospitalini, bila kumwambia. Iliuma sana. Aliwahi hata kumlaumu kaburini, kwa sauti.

Sasa alijua, ameshika limau mkononi, na pilau inataka kuungua.

Shamba la Juu ndilo lililowalisha. Liko juu kabisa ya Kilakala, saa moja na nusu kwa miguu kwa mtu asiye na mzigo, na kijito kinapita katikati. Karoti, spinachi, magimbi chini kwenye maji, na nyumba yao yenyewe pembeni. Huko ardhi hupita kwa mama kwenda kwa binti, mjomba yeye ni msemaji tu. Na kwa sababu mjomba ndiye msemaji, kila Krismasi, kabla pilau haijapakuliwa, ndiye anayesimulia hadithi ya shamba.

Siku hiyo Fidelis alifika na soda kreti moja, akamwamkia dada yake kama kawaida, akasimama mlangoni, akaanza.

“Semeni alipanda mlima huu na mbegu ya magimbi kwenye pindo la nguo.”

“Akalima!” wakaitikia wote.

“Semeni akamzaa Tabu.”

“Akalima!”

“Tabu akamzaa Agata, Agata akamzaa Yuliana.”

“Akalima!”

Hapo, tangu enzi, aliyetajwa wa mwisho hunyoosha mkono watu wamwone, na Yuliana, kwa mazoea, akaunyoosha. Dole likaonekana na kila mtu. Lililotakiwa kufuata lilikuwa: Yuliana akamzaa Veronika. Fidelis alitazama pembeni, akakohoa.

“Yuliana alipoona siku zimekwisha, akamwita kaka yake, akasema, kaka, shamba hili limenichosha, lichukue wewe. Akatia dole.”

Kisha shemeji mmoja, mtu wa kupenda mambo yaende haraka, akaitikia, “Akatia dole!” na wengine wakafuata. Pilau ikapakuliwa.

Mwaka uliofuata Veronika hakukubali yaishe hivihivi. Siku ya Krismasi alimwalika Anselmi, mwenyekiti wa kitongoji, aje aone mwenyewe. Anselmi alikuja na ile karatasi ya Fidelis ndani ya bahasha, akala kwanza, sahani mbili, akanawa, akamgeukia Yuliana.

“Dada Yuliana, samahani. Naomba mkono.”

Alilikandamiza dole nyuma ya kalenda ya parokia. Wino ulitoka wenyewe. Akaweka kalenda na karatasi sambamba, akavikuza kwenye simu, mstari kwa mstari, muda mrefu.

“Lenyewe,” alisema.

“Mwenyekiti, mimi sijasema si lake. Nimesema alikuwa ameshakufa.”

“Karatasi haiulizi hilo, mwanangu. Inauliza jina na dole. Jina lipo, dole lipo. Na mwenyewe huyu hapa, hajakataa.”

“Marehemu hasemi, mwenyekiti! Unajua hasemi.”

“Ndiyo maana nikasema hajakataa.”

Aliandika nyuma ya kalenda kwamba dole limehakikiwa mbele ya mhusika, akagonga mhuri. Mpaka siku hiyo Fidelis alikuwa na karatasi moja. Sasa alikuwa nazo mbili, na ya pili Veronika ndiye aliyemtafutia. Alimtazama mama yake. Yuliana alikuwa ameinama anachagua mchele wa kesho, na kila punje aliyoigusa aliiacha na kidoa.

Krismasi ya tatu Fidelis alikuwa ameshaliuza shamba, nalo limezungushiwa waya. Mnunuzi, bwana Mansuri, alitaka kujenga nyumba za wageni wanaopanda mlima. Hakuwa mtu mbaya. Alimruhusu Veronika avune karoti zilizobaki na akae hadi mwisho wa Januari; baada ya hapo kulikuwa na chumba kimoja Msamvu, nyuma ya stendi, na kibarua cha kuosha vyombo kwa mama lishe. Kuhusu Yuliana, ambaye angeendelea kuja pale mlimani maana wafu hawahami, Mansuri alisema hana neno, ilimradi asishike mashuka ya wageni.

Asubuhi ile Veronika alichana kipande cha khanga na kumfunga mama yake dole, asichafue nguo mpya za watoto. Alifunga mafundo mawili. Yuliana alimwachia mkono.

Fidelis alikuja na mafua, sauti imekauka kabisa. Alijaribu mara mbili, akashindwa, akamvuta Glory mbele.

“Simulia wewe, mjukuu wangu. Si unaijua?”

“Ninaijua, babu.”

Glory sasa alikuwa na miaka saba, na ile alama ya shavuni haikuwahi kutoka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma kama shuleni. Alianza na Semeni na mbegu ya magimbi. Akaenda kwa Tabu, akaenda kwa Agata, hakuruka hata mmoja, na watu wakaitikia kwa furaha, maana mtoto alikuwa na sauti nzuri. Alipomfikia Yuliana, Yuliana akanyoosha mkono wenye kitambaa. Veronika, amesimama na upawa, alikuta mkono wake mwenyewe umeanza kupanda. Ulifika usawa wa kifua.

“Yuliana alipoona siku zimekwisha,” alisema Glory, “akamwita kaka yake, akasema, kaka, shamba hili limenichosha, lichukue wewe.”

“Akatia dole!” wakaitikia wote, na Veronika akaisikia sauti yake ikiwa miongoni mwao.

Walimpigia mtoto makofi. Fidelis alimpa soda ya kwanza. Yuliana alikula kidogo, akaondoka kabla vyombo havijaoshwa, na kile kitambaa alikiacha juu ya kigoda kimelowa bluu.

Glory alikuja jikoni na soda yake, akasimama karibu na beseni.

“Mama, nimekosea mahali?”

Veronika alisuuza sahani, akaiinamisha ikauke.

“Hujakosea,” alisema. “Umeipatia yote.”